VALVU ISAFISHWE, ISIZIBWE

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Nami leo, kwa idhini ya mhariri wa jarida letu, ningependa kuzungumzia maradhi ambayo tumeyaficha chini ya boneti za magari yetu hapa mtaani Lucky Summer. Walimu wangu watukufu na wanafunzi wenzangu, tafadhali msicheke mkisikia kuwa msichana wa kidato cha tatu anaandika habari za injini. Someni kwanza, kisha mnihukumu.

Kisa chenyewe kilianzia nyumbani. Mjomba wangu ana gari dogo la mizigo linalotumia dizeli. Kila siku isipokuwa Jumapili, yeye huondoka saa tisa usiku kwenda Marikiti kuchukua viazi na mboga, kisha huwapelekea akina mama wenye vibanda hapa mtaani, Baba Dogo na Korogocho. Gari hilo ndilo linalotulisha, na ndilo linalonilipia karo. Mwaka jana lilianza kuugua. Likipanda mlima lilitoa moshi mweusi tititi, na likisimama lilitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Mjomba akalipeleka kwa fundi mmoja wa jua kali.

Fundi alifungua boneti, akachungulia, akasema, "Mzee, shida ni hii EGR. Imejaa uchafu. Hii kitu haina kazi, sisi huwa tunaziba tu." Papo hapo akakata kipande cha bati, akakitia mahali moshi unapopitia, akakaza nati mbili. Haikuchukua hata saa nzima. Gari likarudiwa na nguvu zake, moshi mweusi ukapungua, mjomba akafurahi, nami nikafurahi. Nani asingefurahi?

Furaha hiyo ilidumu mpaka mwaka huu, tulipofika mada ya nitrojeni na misombo yake katika somo la Kemia. Mwalimu alitukumbusha kuwa hewa tunayovuta ina nitrojeni takriban asilimia 78 na oksijeni takriban asilimia 21. Gesi hizi mbili hukaa pamoja bila kugombana. Lakini zikikutana katika joto kali sana, kama la radi au la ndani ya silinda ya injini, huungana na kuwa oksidi za nitrojeni. Mwalimu alipotaja injini, masikio yangu yalisimama. Baada ya kipindi nilimfuata nikamuuliza, je, kuna kifaa chochote katika gari cha kuzuia jambo hilo? Akajibu, "Kipo. Kinaitwa valvu ya EGR."

Nilihisi kana kwamba nimemwagiwa maji baridi. Kumbe ile "kitu isiyo na kazi" ndiyo hasa yenye kazi!

Hebu nieleze kwa ufupi, maana wengi wetu hatujui. Valvu hii huchukua sehemu ya moshi uliokwisha kuungua na kuurudisha ndani ya silinda uchanganyike na hewa mpya. Moshi huo una oksijeni kidogo kuliko hewa safi, kwa hivyo moto wa ndani hauwi mkali kupita kiasi. Ni sawa na mama anayetia majivu juu ya makaa ili jiko lisiunguze chakula. Joto likipungua, oksidi za nitrojeni nazo hupungua. Watengenezaji wa magari wa Marekani walianza kutia valvu hizi katika miaka ya 1970, baada ya watu wa Los Angeles kuteseka kwa ukungu mchafu uliowawasha macho na vifua. Mwanasayansi aitwaye Arie Haagen-Smit ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1950, kuwa ukungu ule ulitokana na moshi wa magari na viwanda ukipigwa na jua. Na jua, wasomaji wapenzi, Nairobi tunalo tele.

Sasa, kwa nini valvu huharibika? Kwa sababu kazi yake ni kupitisha moshi, na moshi una masizi. Masizi hayo hukutana na mvuke wa oili, yakawa kama lami, yakaganda mlangoni. Mlango ukikwama ukiwa wazi, moshi mwingi mno hurudi ndani, injini ikakosa hewa, ikatoa moshi mweusi na kupoteza nguvu. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa gari la mjomba. Kwa hivyo fundi hakukosea kuutambua ugonjwa. Alichokosea ni dawa.

Na hapa ndipo penye mtego ambao ningetaka kila mtu auelewe. Valvu ikizibwa kwa bati, ule moshi mweusi kweli hupungua, kwa sababu injini sasa inapata hewa tele. Lakini moto wa ndani huwa mkali zaidi, na oksidi za nitrojeni huongezeka. Moshi mweusi tunauona, oksidi hizi hatuzioni. Ndiyo maana mwenye gari husema limepona, fundi husema amelitibu, na jirani anayekohoa hajui lolote. Naitrojeni dioksidi huwasha mapafu, na huwadhuru zaidi watoto na watu wenye pumu. Ndugu yangu mdogo ana pumu. Dirisha la chumba tunacholala linatazama pale gari linapowashiwa saa tisa usiku.

Siwezi kuapa kuwa ni gari la mjomba linalomfanya akohoe. Ninachojua ni kuwa hatukuwa tunamsaidia.

Nilipomwambia mjomba aiondoe ile bati, alinikazia macho. "We msichana, haya mambo ya magari umeyatoa wapi? Likikwama pale Marikiti na viazi vya watu, ni wewe utalisukuma?" Sikuwa na jibu, maana alisema kweli. Nikanyamaza siku mbili. Siku ya tatu nikamwendea kwa adabu nikamwambia, "Mjomba, tuisafishe Jumapili moja tu. Ikiwa gari litakosa nguvu tena, rudisha bati lako, nami sitasema neno." Akafikiri, akacheka, akasema, "Haya basi. Lakini vifaa utanishikia wewe."

Jumapili ilipofika tulifanya kazi hiyo nje ya ploti, penye hewa. Nitaeleza tulivyofanya, kwa sababu ninaamini watu huziba kwa kuwa hawajui kuwa kusafisha kunawezekana nyumbani.

Kwanza, tulingoja injini ipoe kabisa, tukachomoa waya wa hasi wa betri. Tulivaa glavu, maana masizi haya si ya kuchezea. Mwaka wa 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Valvu ya gari hili ni ya aina ya zamani, inayofunguliwa kwa nguvu ya ombwe kupitia mpira mwembamba. Tulichomoa mpira huo, tukafungua nati kwa spana, tukaitoa valvu pamoja na lile bati. Ndani yake palikuwa peusi pepepe. Tundu ambalo lingeweza kupitisha kidole gumba halikuweza kupitisha hata penseli.

Pili, tulikwangua masizi yaliyokauka kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi, kwa sababu chuma hukwaruza pale mlango unapokalia, na ukikwaruzika hautafunga sawasawa tena. Kisha tukapulizia dawa ya kusafishia kabureta na kusugua kwa mswaki mkuukuu. Tulirudia mara tatu hadi chuma kikaonekana. Hatukutumia petroli, maana mvuke wake hushika moto upesi. Aidha, tulihakikisha dawa haigusi kiwambo cha mpira kilicho juu ya valvu, kwa kuwa dawa hiyo hula mpira. Kwa magari ya kisasa ambayo valvu zake zina mota ya umeme, sehemu ya umeme isiloweshwe, wala mlango usilazimishwe kwa mkono. Na jambo moja la hatari: asije mtu akapulizia dawa hii ndani ya injini ya dizeli inayozunguka. Injini yaweza kuinywa kama mafuta ikaenda mbio bila kusimama.

Tatu ni kupima, na hapa ndipo niliposikia raha ya kuwa mwanafunzi wa sayansi. Fundi mkubwa hutumia pampu ya mkono ya kuvuta hewa. Sisi hatukuwa nayo. Nilinunua bomba kubwa la sindano la mililita 60 kwenye duka la dawa, lisilo na sindano yenyewe, nikaliunganisha na mpira mwembamba hadi kwenye valvu. Nikavuta. Kiwambo kikapanda, mlango ukafunguka! Nikashikilia hivyo huku mjomba akihesabu hadi thelathini. Mlango haukushuka, maana yake kiwambo hakikuwa kimetoboka. Nilipoachilia, mlango ukarudi na kujifunga. Kisha tukamimina dawa kidogo juu ya mlango uliofungwa tuone kama itapenya. Haikupenya.

Kipimo cha mwisho hufanywa valvu ikiwa imerudishwa na injini ikinguruma polepole. Ukivuta ombwe, sauti ya injini lazima ibadilike. Ya petroli hutetemeka au huzimika, ya dizeli huwa nzito. Ikiwa sauti haibadiliki, basi njia za moshi bado zimeziba mahali fulani. Yetu ilibadilika. Mjomba alinitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe karo haipotei bure."

Sitaki kuwadanganya kuwa kila kitu kilikwenda sawa. Mimi ndiye niliyesema gasketi ya zamani inaweza kutumika tena. Haikufaa. Jumatatu asubuhi moshi ukawa unavuja kwa kelele, na ikabidi mjomba aende Kariobangi Light Industries kununua gasketi mpya. Alipoteza siku nzima ya kazi, na wateja wawili wakanunua viazi kwingine. Alinikasirikia, na alikuwa na haki. Kwa hivyo yeyote atakayejaribu, anunue gasketi kabla ya kufungua nati ya kwanza. Hata hivyo, tangu siku hiyo gari linapanda mlima likiwa na mzigo, halitetemeki, na bati limetupwa.

Najua baadhi yenu mtapinga. Niliwaeleza wenzangu chamani, nao hawakunionea huruma.

Mmoja aliniuliza, "Ng'ambo ya mto kuna jaa la Dandora linalofuka moshi mchana na usiku. Valvu moja itasaidia nini?" Swali hili ni zuri na linauma. Ni kweli, jaa lile limetumika tangu miaka ya 1970, na lilitangazwa kujaa mwaka wa 2001, lakini hadi leo tunanusa moshi wake. Lakini je, jirani akichoma taka, ndiyo ruhusa ya mimi pia kuchoma zangu? Jaa la Dandora linahitaji serikali, mipango na pesa nyingi. Valvu ya mjomba ilihitaji dawa ya mkebe mmoja, mswaki na alasiri ya Jumapili. Anayeshindwa na dogo atawezaje kudai kubwa?

Mwingine alisema kuwa fundi naye anatafuta riziki, na mteja anataka gari lake leo, si kesho. Hili nalikubali. Kuziba huchukua dakika chache, kusafisha huchukua saa kadhaa. Simlaumu fundi peke yake, kwani sisi wateja ndio tunaopenda rahisi, na rahisi ni ghali. Lakini fundi akimweleza mteja ukweli, akamtoza bei ya haki ya kusafisha, je, hatapata pesa zaidi kuliko za kukata bati? Tena valvu husafishwa tena na tena, ilhali bati huwekwa mara moja tu. Kwa hesabu yangu, usafi una riziki zaidi kuliko kuziba.

Wa tatu alisema kuwa hata wazungu hudanganya. Hilo pia ni kweli. Mwezi wa Septemba 2015 ilijulikana kuwa kampuni ya Volkswagen ilikuwa imetia programu katika magari ya dizeli yapatayo milioni 11 duniani. Gari likipimwa lilitoa oksidi za nitrojeni kidogo, likiwa barabarani lilitoa nyingi kupita kiwango. Lakini waliodanganya walishtakiwa na wakalipa mabilioni ya dola. Na hebu tujiulize, sisi tunaotia bati tuna tofauti gani na wao? Wao walimdanganya mpimaji. Sisi tunajidanganya wenyewe.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kuwa nchi yetu imekwisha kupiga hatua kubwa. Kufikia mwanzo wa 2006, Kenya na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli yenye risasi, ile inayodhuru ubongo wa watoto. Mwaka wa 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Sheria zetu haziruhusu magari ya mitumba yenye umri wa zaidi ya miaka minane kuingia nchini. Katiba ya 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Yote hayo ni mema. Lakini mafuta safi yakija kutoka Mombasa, gari likija na kifaa chake kizima kutoka Japani, halafu sisi wenyewe tukakiziba kwa kipande cha bati, tutamlaumu nani?

Kwa hivyo nina mapendekezo machache.

Kwanza, kwa walimu wetu wa sayansi. Tunapofundishwa oksidi za nitrojeni na shinikizo la hewa, tuletewe valvu moja kuukuu maabarani tuivute kwa bomba la sindano. Nawahakikishia hakuna atakayesahau somo hilo katika mtihani wa KCSE. Pili, kwa wanafunzi wenzangu. Wengi wetu ni watoto wa madereva, wa makanika, au wa majirani zao. Tuwaulize wazee wetu kwa heshima, "Je, gari letu limezibwa?" Swali halimvunjii mtu heshima. Mwisho, kwa mafundi wa mtaa wetu. Ninyi ndio madaktari wa magari yetu, na ujuzi mlio nao mikononi haumo vitabuni. Mwambieni mteja kuwa kuna njia mbili, na mumwambie gharama ya kila moja, pamoja na ile ambayo jirani ndiye atakayeilipa.

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya kiufundi, hayafai jarida la Chama cha Kiswahili. Mimi nasema yanafaa sana. Mjomba hakuelewa kwa sababu maelezo yote aliyowahi kusikia kuhusu kifaa hiki yalikuwa herufi tatu za Kiingereza. Nilipomwambia kuwa ni mlango wa kurudisha moshi ili kupoza moto, alielewa mara moja, na leo yeye ndiye anayewaeleza madereva wenzake pale Marikiti. Wiki iliyopita alimleta mmoja nyumbani na gari lake. Aliponiona natoka shuleni akaita, "Njoo na lile bomba lako la sindano!"

Gasketi, safari hii, walikuwa wamekwisha kununua.